Msumeno Wangu na Jirani Asiyesikia

Jumatatu, 2 Juni

Kahawa ya asubuhi nimeinywa mchana. Ilikuwa baridi, na ndani mna vumbi la mbao. Sijali.

Bodil wa nyumba ya kulia alikuja, viatu mkononi, uso wa mtu mwenye kikao. Bodil ndiye anayeongoza mtaa wetu, ingawa hakuna aliyemchagua. Habari yake: Jumanne ijayo Flemming na Lone wa nyumba ya kushoto wanatimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Lazima mtaa uwajengee lango la heshima mlangoni, matawi ya msonobari na namba juu, na asubuhi tuwaamshe kwa wimbo. Swali ni nani atakata mbao. Alipouliza hivyo aliangalia dari yangu. Kila mtu anajua nipo nyumbani kwa likizo ya uzazi. Kila mtu anajua nina msumeno wa meza. Wanajua kwa masikio.

Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Akaniambia nina moyo mzuri, mwanangu.

Moyo mzuri wapi. Flemming ni adui yangu. Kila nikiwasha msumeno anatokea kwenye ugo, ua wa miti unaotutenga, na simu inayopima kelele, ananionyesha tarakimu kama daktari anayempa mgonjwa majibu mabaya. Lakini mila ni mila. Wanaojengewa lango hawatakiwi kujua lolote. Wakiona matawi yanapita, wanatazama pembeni. Wakisikia nyundo, hawajasikia. Kwa hiyo wiki nzima Flemming ni kiziwi kwa lazima! Nilicheka mpaka Viggo akaacha uji wake kunitazama.

Na nina lengo kubwa kuliko Flemming. Nataka msumeno mpya. Huu nilionao ni kijimeza cha bati chenye injini inayolia kama nguruwe mlangoni mwa machinjio. Viggo ana miezi minane, analala mchana nje kwenye kigari chake, kama watoto wote wa mtaa huu, na usingizi wake ndio saa pekee ya siku ambayo ni yangu. Nikiwasha msumeno, anaamka. Nisipouwasha, nakunja nguo. Huko mji wa Skals kuna mtu anauza mashine kubwa ya chuma cha kalibu, mtumba lakini nzima. Nimeisikiliza kwenye video. Haipigi kelele ile. Inavuma taratibu, kama jokofu.

Nilimwambia Jeppe, mume wangu, alipotoka kazini. Anaendesha lori la maziwa, anarudi mapema na anasinzia mapema. Alisema msumeno tulionao si unakata. Nikamwambia unakata kombo. Akasema tutaona. Hapa Jylland, magharibi mwa Denmark, neno hilo maana yake ni hapana, ila mtu anakuachia heshima ya kuligundua mwenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Nimembana Jeppe kabla hajatoka, alipokuwa na mdomo umejaa mkate. Makubaliano: lango likitoka kombo kwa kosa la mashine, twende Skals. Likitoka limenyooka, nisimtajie tena msumeno mpaka Krismasi. Alitikisa kichwa kukubali. Au alikuwa anameza. Nimehesabu kuwa amekubali.

Kazi yangu basi ni nyepesi. Nikate kombo.

Viggo aliposinzia nikawasha. Mara mlango wa Flemming ukafunguka. Akaja mpaka kwenye ugo na simu yake, akainua kidole, akafungua mdomo. Nikamwona anakumbuka. Mdomo ukafungwa. Kidole kikabaki hewani, hakijui kiende wapi, mwishowe kikakuna sikio. Akachukua bomba akaanza kumwagilia mawaridi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi tangu nijifungue.

Ndipo Viggo akaamka. Nilizima, nikamchukua, nikakaa naye kwenye rundo la maranda nikimnyonyesha. Alikuwa na kipande cha ubao cheupe nyuma ya sikio kama fundi. Nikamwambia mvumilie mama, mwanangu, hii ni kwa ajili yako pia. Akanitemea maziwa.

Mbao zote nilizokata zimetoka kombo vizuri sana. Mpango unakwenda.

Alhamisi, 5 Juni

Siku ya Katiba, na pia Siku ya Kina Baba. Nilikuwa nimepanga kitu cha akili nyingi. Nimpe Jeppe mashine ya Skals kama zawadi. Mwanaume hawezi kukataa zawadi ya siku yake mbele ya mtoto wake. Nikachora mashine kwenye kadi, nikabonyeza mkono wa Viggo uliopakwa rangi chini yake, nikaandika kwa baba bora, kuna kitu Skals kinakusubiri.

Jeppe aliitazama kadi muda mrefu. Macho yakamlengalenga. Akasema haikuwa mbaya, kadi hiyo. Mtu wa hapa akisema hivyo, ujue amepasuka moyo. Nikaanza kutafuta funguo za gari.

Akasema hakujua kama nataka yeye naye ashiriki kwenye mambo yangu ya useremala. Kwamba amekuwa akijiona amefungiwa nje ya banda. Kwamba haina haja ya kwenda Skals, zawadi ni wazo lenyewe. Halafu akavaa kaptura kuukuu, akaingia bandani na kisanduku cha vifaa, akashinda huko siku nzima.

Alitoka amejaa grisi, anapiga mluzi. Amenyoosha ile reli inayouongoza ubao. Amekaza kila skrubu. Amefunga diski mpya yenye meno makali. Akasukuma ubao mmoja mbele yangu ukatoka umenyooka kiasi kwamba ungeweza kuuweka kwenye vitabu vya shule. Siku nzuri kuliko zote za Kina Baba, akasema, akanibusu kwenye nywele.

Viggo alipiga makofi. Msaliti mdogo.

Na kile kijimeza, nilipokiwasha kukijaribu, kinalia vilevile. Pengine zaidi. Diski mpya ina sauti mpya.

Ijumaa, 6 Juni

Hoja ya kombo imekufa. Imebaki ya kelele. Nilimweleza Jeppe wakati anavua buti zake. Nilieleza usingizi wa Viggo, saa yangu moja, kichwa changu kinavyogonga. Alinisikiliza, ni mtu wa kusikiliza, halafu akaniuliza kwa upole: kelele hizo zinamkera nani hasa? Viggo atakua, ataacha kulala mchana. Flemming hajalalamika wiki nzima.

Nikamwambia Flemming halalamiki kwa sababu ya lango tu, naye anajua hivyo! Akatabasamu. Tabasamu lile la watu wa ukoo wao, linaanzia kwenye shavu moja na kuishia hapohapo. Akasema, "Sidsel, mke wangu, mimi ni mtu wa haki. Mlete jirani mmoja aseme mbele yangu kwamba kelele zinamkera. Mmoja tu. Siku hiyohiyo twende Skals."

Kwa hiyo namhitaji Flemming. Mimi, namhitaji Flemming.

Nilikwenda kwenye ugo nikiwa na keki. Nikamuuliza kwa sauti ya kirafiki kama msumeno wangu unamsumbua.

"Msumeno?" akasema. "Msumeno gani?"

Nikamwambia ule unaolia, jirani, ule ulioupima juzijuzi ukasema unazidi ndege.

Akaangalia mawingu. Akasema hapa kwetu kuna utulivu sana mwezi huu. Lone, mkewe, alikuwa nyuma yake anaanika mashuka, akadakia kwamba wanalala kama watoto wachanga. Nikamtazama. Kati yake na Viggo kuna ugo tu, anajua watoto wachanga wanavyolala. Hakupepesa.

Keki wameichukua.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetangaza vita.

Mtu yeyote ana mwisho wake. Nimeutoa msumeno bandani nikauweka karibu na ugo, mdomo wake umeelekea dirisha la chumba chao. Nilianza wakati wanakula skonzi zao za asubuhi. Mbao za lango zilikwisha mapema, nguzo mbili na ubao wa juu, kazi imekamilika, nimeziweka pembeni. Nikaendelea. Nilikata mbao zote za akiba. Nilikata rafu ya zamani. Nilikata kitanda cha kukunja kilichovunjika mguu tangu tulipooana. Vilipokwisha vyote nikaanza kukata vipande kuwa vipande vya vipande.

Flemming alitoka mara moja. Uso mwekundu, mikono nyuma. Nikamwita Jeppe kwa haraka, nikamwambia njoo, njoo uone mashine inavyokwenda! Jeppe akaja na Viggo mabegani. Tukasimama wote wanne tukitazamana juu ya ugo, msumeno unalia katikati.

Flemming alisema kitu. Nikazima upesi nimsikie.

Alisema anaona msimu huu nyasi zitakuwa nzuri.

Jeppe akaitikia kwamba nyasi si mbaya. Wakajadili nyasi. Nilitaka kujilaza juu ya hizo nyasi nilie.

Yule wa Skals kaniandikia. Kuna mtu mwingine ameiulizia mashine, atakuja kuiangalia katikati ya wiki. Nimemjibu aishikilie, mume wangu yuko njiani kukubali.

Viggo hajalala mchana wote. Jioni alikuwa na macho mekundu, anajigongagonga kichwa begani kwangu, hajui anataka nini. Nilimwimbia mpaka sauti ikakauka. Moyo uliniuma, siwezi kukana. Lakini nikasema moyoni, kesho moja tu, mwanangu, halafu mama atakuwa na mashine ya kunong'ona na utalala mpaka uchoke.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Siku takatifu, na mtu hakati nyasi wala hapigi msumari siku hii, sembuse msumeno. Nilijua. Ndiyo maana niliichagua. Hakuna Mdenmaki anayeweza kuvumilia msumeno siku ya Pentekoste. Flemming angepasuka kama soseji.

Sikuwahi kufika kwenye swichi.

Lone alikuwa ananisubiri kwenye ugo, amevaa gauni la kanisani. Akaniita kwa mkono, akaangalia nyuma kama mwizi. Akasema yeye hajui lolote na haniambii lolote, lakini kama angekuwa anajua kitu, angetaka kunishukuru.

Halafu akaniambia. Flemming anajua mtaa haumpendi. Anajua ni mtu wa kupima ugo wa wenzake na kuandika barua kuhusu mapipa ya taka, ila hawezi kuacha, ni kama mtu mwenye kikohozi. Tangu Pasaka alikuwa halali vizuri. Aliogopa Jumanne itafika na mlango wao utakuwa mtupu, na ndugu zake kutoka Aalborg watasimama hapo na maua mikononi waone hakuna aliyemjengea.

"Basi ndipo wewe ukaanza," Lone akasema. "Siku ya kwanza alirudi ndani akakaa ngazini. Aliniambia, mama, wanatukatia. Sikiliza. Wanatukatia."

Na kila nilipokata zaidi, ndivyo alivyofurahi zaidi. Ule uso mwekundu wa jana haukuwa hasira. Amewapigia simu ndugu zake wote. Amewaambia, kwa mbao zile zilizokatwa, lango linalokuja halijawahi kuonekana Jylland. Shangazi mmoja mzee aliyekuwa amekataa kusafiri ameamua kuja, anataka kuliona.

Nilisimama pale na Viggo nyongani. Nyuma yangu kulikuwa na nguzo mbili, ubao mmoja wa juu, na mlima wa kuni.

Nikaona njia ya kutokea, wazi kabisa. Ni kumwambia ukweli. Lone, zile kelele nilizipiga makusudi ili mumeo akasirike. Angemwambia. Flemming angeruka ugo, angemlalamikia Jeppe mpaka mishipa imtoke, na jioni hiyohiyo ningekuwa Skals. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni.

Nikasema asante kwa kutoniambia lolote.

Mimi ni mjinga. Ila si mjinga wa kiwango hicho cha kumvunja mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Jumatatu ya Pentekoste, sikukuu bado, na mimi nimefanya kazi kama punda.

Jeppe alimbeba Viggo akaenda naye mbali, kwa mama yake, na Mungu ambariki mama mkwe siku hii moja. Nikaenda kwa Flemming moja kwa moja, nikamwambia leo kutakuwa na utulivu kama kawaida. Akasema ndiyo, utulivu mkubwa. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Vile vipande vyote. Kitanda, rafu, akiba. Nilivitandaza kwenye nyasi. Vidogo mno kuwa nguzo, lakini vimenyooka, vyote sawasawa, kwa sababu ya Jeppe na grisi yake. Nikavichana vikawa vigae vyembamba, nikavipanga kimoja juu ya kingine mpaka nikapata paa, paa dogo la kweli juu ya lango, kama la kanisa. Nikajenga minara miwili pembeni. Nikakata namba mbili na tano kubwa, unene wa mkono. Nilikata na kugundisha na kukaza skrubu mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Kijimeza kililia siku nzima. Sikukizima hata kula.

Alasiri Bodil akaja na wenzake wa mtaa na matawi ya msonobari kwenye tela. Akaona minara. Akasimama.

Akauliza hii ni nini.

Nikasema ni lango.

Akasema, mwanangu, lango ni nguzo mbili na ubao. Yeye na marehemu mumewe Ejnar walipewa nguzo mbili na ubao. Watu wa nyumba ya kona, nguzo mbili na ubao. Hakuna mtu mtaa huu aliyewahi kupewa mnara. Je, Flemming ni nani, mfalme? Na wa mwaka ujao tutamfanyia nini, daraja?

Wenzake wakakubaliana naye kwa kutazama chini. Damu ikanichemka. Nilikuwa na gundi kwenye nyusi na sijanyonyesha tangu asubuhi, kifua kimekuwa jiwe. Nikamwambia Bodil minara inabaki. Asiyetaka kufunga matawi aniachie hapo chini, nitayafunga peke yangu, na kesho nitawaamsha peke yangu, nitaimba sauti zote nne.

Kisha Bodil akavaa glavu. Alifunga matawi yote kwa kinywa kilichobanwa, na alifunga vizuri kuliko mtu yeyote.

Tulilisimamisha jioni, jua bado liko juu. Mapazia ya Flemming yalikuwa yamefungwa, pazia moja likitikisika. Tukagonga nyundo. Tukaangusha ngazi. Ndani ya nyumba redio ikaongezwa sauti ili wasitusikie.

Limenyooka. Nimelitazama kutoka kila upande, halina kombo hata la unywele.

Jumanne, 10 Juni

Mtaa mzima barabarani mapema, makoti juu ya nguo za kulalia, bendera ndogo mikononi. Ndugu wa Aalborg na maua. Shangazi kwenye kiti. Mtu ana kodiani. Tukaimba.

Mlango ukafunguka. Lone akatoka kwanza, ameshtuka kwa ustadi, mkono kifuani. Nyuma yake Flemming na joho lake la bafuni. Alishakuwa na uso wa mshangao ameutayarisha, ulionekana. Akainua macho.

Ule uso ukadondoka. Aliangalia paa. Aliangalia mnara mmoja, akaangalia wa pili. Akageuka akarudi ndani.

Tuliimba beti zote, tukarudia ubeti wa kwanza. Lone akasema amekwenda kutafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni kwa Flemming. Sote tuliiona.

Alirudi macho yamevimba. Kahawa ikamiminwa, skonzi zikazunguka, na vile vikombe vidogo vya kinywaji kichungu ambavyo mama anayenyonyesha anaruhusiwa kunusa tu. Flemming akapiga kijiko kwenye kikombe. Hotuba. Akalitazama lango, akanitazama mimi.

Akasema, "Si mbaya."

Akaweka kijiko chini. Tukadhani amemaliza.

"Si mbaya hata kidogo."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi. Shangazi aliomba arudiwe maneno hayo, hakuamini.

Jeppe alinishika kiuno. Akaninong'oneza kwamba mashine yetu ya zamani imefanya kazi ya kutisha, na kwamba sasa hakuna mtu duniani anayeweza kusema tunahitaji nyingine zaidi ya hiyo. Nilikuwa nataka kulia nikiwa na furaha na nikiwa na hasira kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikala skonzi mbili.

Jumatano, 11 Juni

Sherehe imekwisha. Mila imekwisha. Flemming anaruhusiwa kusikia.

Nilimngoja Jeppe arudi, nikamweka kwenye ugo kama kigingi. Nikawasha msumeno, nikakata hewa. Flemming akatoka. Nikazima. Nikamwambia sasa, jirani, sema. Mume wangu yuko hapa. Sema kelele hizi zinakukera. Usinionee haya.

Akaniangalia kwa upole wa kutisha. Akatoa simu mfukoni, akanionyesha pale kilipokuwa kile kipimo cha kelele. Amekifuta. Akasema, binti, kwa lango lile, mimi sitasema neno juu ya msumeno wako mpaka wanizike. Kata unavyotaka. Kata Jumapili.

Jeppe alikohoa kwa muda mrefu, mgongo amenigeuzia, mabega yanatikisika.

Nikamwomba Flemming afikirie tena. Nikamkumbusha mapipa ya taka. Nikamkumbusha ugo wetu umezidi kimo. Akasema ugo uko sawa, unamkinga na upepo.

Shahidi pekee niliyekuwa naye, na nimemharibu kwa mikono yangu.

Alhamisi, 12 Juni

Mashine ya Skals imeuzwa. Mtu wa kwanza aliyekuja kuiangalia aliondoka nayo kwenye tela. Sikulia. Nilipangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Kisha nikafikiri. Jeppe alisema jirani mmoja. Hakusema Flemming. Kuna jirani mwingine, ana hasira na mimi tangu Jumatatu, na masikio yake yanasikia kila kitu mtaani hadi yasiyosemwa. Bodil!

Viggo aliposinzia kwenye kigari chake, palepale pa siku zote, niliuburuta msumeno kuzunguka nyumba nzima mpaka upande wa kulia, nikauweka chini ya dirisha la jikoni la Bodil. Nikawasha. Nikakata. Bodil akatoka na kikapu, akanitazama. Nikamsubiri. Akasema anahitaji kisanduku cha kuwekea viazi vya mbegu, je, ninaweza, kisicho na minara. Nikasema ninaweza. Akakaa kwenye ngazi yake akinielekeza vipimo kwa mikono, na nikikata ananifokea nikate taratibu nisije nikajikata.

Nilikata pande nne. Nikakata kitako. Nikapiga msasa, kitu ambacho sijapata nafasi ya kufanya tangu Viggo azaliwe. Nikaunga pembe moja kwa meno yanayoumana, polepole, jinsi ninavyopenda, nikaibomoa kwa sababu haikunifurahisha, nikaiunga tena. Nikanywa kahawa. Ilikuwa ya moto.

Ndipo nikashtuka. Nikazima nikakimbia kuzunguka nyumba.

Viggo alikuwa amelala. Hakuwa hata amegeuka. Blanketi lilikuwa palepale nilipoliweka, mdomo wazi, mkono juu. Nyumba nzima ilikuwa katikati yetu na hakusikia kitu.

Hii ni balaa. Mtoto analala, jirani wa kushoto ameapa, jirani wa kulia ameketi ananiagizia visanduku. Jeppe akirudi akaona hivi, hoja zangu zote zimekwisha.

Kwa hiyo hataona. Kabla hajafika nimeurudisha msumeno mahali pake, karibu na kigari, ili kesho uwe na kelele za kutosha. Na nimemwandikia mtu mwingine, wa mji wa Randers. Ana mashine kubwa kuliko ya Skals, chuma kitupu, ya kubebwa na watu wanne. Nimemwambia aishikilie. Mume wangu yuko njiani kukubali.